Kimtumbwi cha kunyunyizia chumvi mezani: kinachokigandisha, na kikombe kinachopaswa kuondoka leo

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi redio, naishi Kirumba hapa Mwanza. Nimebuni kimtumbwi cha mbao cha mezani, watoto wamekipa jina MV Ladha. Kina magurudumu ya kigari cha mtoto, mota ya mtetemo niliyoing'oa kwenye simu mbovu, na betri ndogo ya duara kama ya saa. Kimebeba vitu vitatu: chumvi, pilipili ya unga na maji ya ndimu. Unakisukuma mpaka kwa jirani yako, kinasimama juu ya ukingo wa sahani yake, unabonyeza kitufe, kinatetemeka na chumvi inadondokea sato. Mwanzoni kilikwenda vizuri sana. Sasa chumvi inaganda. Nilipanua matundu, ikamwagikia mgeni bonge zima. Nikatia mchele kama wafanyavyo hotelini, wapi. Betri nazo zinakwisha haraka. Kikombe cha ndimu ni cha shaba, nilikipata kwa muuza vyuma chakavu nikaunga mdomo wake kwa risasi ya kuchomelea. Kimeanza kuota rangi ya kijani, mke wangu anasema nitaua watu. Nia yangu kubwa ilikuwa mama, ana presha, nikaona kikitoa chumvi kidogo kidogo kitamsaidia. Na nimesikia Wajapani wana kijiko cha umeme kinacholeta ladha ya chumvi bila chumvi. Naweza kuunga betri kwenye kijiko nikapata hicho? Mwisho, nikaandikishe ubunifu wangu au nitachekwa?"*

Marahaba, fundi. Nimesoma habari za MV Ladha nikacheka peke yangu, nikafika kwenye sentensi ya kikombe cha ndimu nikaacha kucheka. Wewe umekitaja kwa kupita tu, lakini mimi nitaanza na hicho.

Kikombe kitoke mezani leo. Ule ukijani si uchafu ambao ukiusugua kwa majivu mambo yamekwisha. Maji ya ndimu ni asidi kali, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unapanda) iko kati ya 2 na 3, na asidi ikikaa kwenye shaba penye hewa huila taratibu. Kinachobaki ni misombo ya shaba, yenye rangi hiyo ya kijani, na inayeyuka ndani ya ndimu ileile unayoidondoshea samaki. Mtu akimeza ya kutosha anapata kichefuchefu, anatapika, tumbo linamsokota. Kanuni za chakula za Marekani zinakataza kabisa shaba kugusa chakula chenye pH iliyo chini ya 6, na zile sufuria za shaba unazoziona kwenye picha za wapishi wakubwa huwa zimepakwa bati au zimewekwa chuma cha pua kwa ndani. Kwa hiyo mkeo amekuza kidogo neno "kuua", lakini jicho lake limeona sawasawa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya shaba ni pale ulipounga mdomo. Waya wa kuchomelea ulioenea kwa mafundi redio ni wa 60/40: sehemu 60 ni bati na sehemu 40 ni risasi, madini yaleyale yaliyomo kwenye betri za gari. Kwenye redio hauna tatizo. Kwenye chombo cha ndimu ni jambo jingine, maana asidi ikilala juu ya kiungo hicho usiku kucha inaondoka na risasi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto kwa sababu ubongo wao bado unakua. Nisikutishe kupita kiasi: matone machache kwa muda mfupi hayafanani na hali ya mtoto anayekulia kwenye uwanja wa kuvunjia betri chakavu. Ila kama yupo mtoto aliyekuwa akikilamba kikombe hicho, au ambaye siku hizi analalamika tumbo mara kwa mara, hapati choo, hataki kula, mpeleke hospitali na umtajie daktari risasi kwa kinywa chako. Kipimo chake ni cha damu, na daktari asiyeambiwa hana sababu ya kukifikiria.

Usitafute kikombe kingine badala yake. Ndimu kata vipande, weka kwenye kisahani, kila mtu akamue mwenyewe. Hapo mota haijawahi kuushinda mkono.

Tuje kwenye chumvi. Wewe umelaumu matundu, ndiyo maana ukachukua msumari ukayapanua. Mkosaji mkubwa ni maji yaliyomo hewani. Chumvi safi ya mezani ina mpaka wake: hewa ikiwa na unyevu wa chini ya asilimia 75 hivi, punje hukaa kavu zikitulia. Unyevu ukivuka hapo, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani na uso wa kila punje unayeyuka kidogo. Kwetu huku kando ya ziwa, usiku wa masika hewa huvuka mpaka huo bila kuombwa. Asubuhi jua likipanda na hewa ikikauka, ule unyevu unaondoka na chumvi iliyokuwa imeyeyuka inaganda upya, safari hii ikiwa katikati ya punje mbili na kuziunganisha. Usiku tena, mchana tena. Chumvi haigandi kwa sababu imelowa. Inagandishwa na huko kulowa na kukauka kwa zamu. Ndiyo sababu ukiishika mchana unaikuta kavu kabisa na bado ni jiwe.

Na aina ya chumvi ina neno lake. Chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa iliyokaushwa juani pwani, hubaki na magnesiamu kidogo ya maji ya bahari, na kloridi ya magnesiamu huanza kuvuta maji unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Ukubwa wa ziwa letu hauhusiki tena hapo. Hiyo italowa hata kiangazi. (Babu zetu Wasukuma walikuwa wakiifuata chumvi kwa miguu hadi Ziwa Eyasi, na sidhani kama kuna aliyewahi kutarajia ipite kwenye tundu la msumari.) Chumvi laini ya pakiti imesafishwa na mara nyingi imetiwa kiungo cha kuzuia kuganda. Kampuni ya Morton ya Marekani ilianza kutia kaboneti ya magnesiamu mwaka 1911 kwa shida hiihii yako. Nunua hiyo, na hakikisha pakiti imeandikwa ina madini joto.

Lakini chombo chako kina adui mwingine ambaye kichupa cha chumvi cha kawaida hakutani naye sana. Umesema kinasimama juu ya ukingo wa sahani. Matundu yanatazama chini. Chini kuna sato wa mchuzi anayefuka na ugali uliotoka jikoni sasa hivi. Mvuke ule ni hewa iliyoshiba maji, nao unapanda moja kwa moja hadi kwenye matundu yako. Ungekuwa Dodoma kiangazi bado ungegandisha chumvi kwa mtindo huo. Nadhani kilikwenda vizuri mwanzoni kwa sababu chumvi ilikuwa mpya na watoto walikuwa wakikichezea juu ya meza tupu.

Mchele, basi. Watu wanaamini punje za mchele zinakunywa unyevu wote. Zinavuta kidogo, na polepole, hasa zikikaangwa kavu kwanza. Kazi yake kubwa kwenye kichupa ni kugongana na mabonge na kuyavunja mtu anapotikisa kwa mkono. Mota yako ya simu haina nguvu ya kuurusha mchele. Inautetemesha tu palepale, nao unashuka na kuziba matundu. Kwa kweli mtetemo mdogo wa haraka unaweza hata kuishindilia chumvi iliyo laini badala ya kuilegeza.

Matundu nayo nisiyaache bila neno. Punje zikipita kwenye tundu jembamba hushikana na kutengeneza tao juu yake, kila moja ikimwegemea mwenzake, na hakuna inayopita. Kwa makadirio, tundu likiwa na upana wa chini ya mara tano ya punje, tegemea kuziba. Likiwa pana zaidi, hakuna kinachozuia chumvi iliyofunguka kumwagika yote, kama alivyoshuhudia mgeni wako. Pilipili ya unga ni mbaya zaidi kwa kuwa ina mafuta yake na nyuzinyuzi. Hiyo iwekee kijiko kidogo tu, usihangaike.

Kwa hiyo ningekushauri uachane kabisa na habari ya kutikisa. Toboa tundu pana chini ya mkebe wa chumvi, kisha weka chini yake roli ya plastiki, yaani kigogo cha mviringo kinachozunguka, yenye vishimo. Ikigeuka, kishimo kinajaa kikiwa juu na kumwaga kikiwa chini, vile inavyofanya mashine ya kupandia mbegu. Kishimo cha milimita 5 kila upande hubeba chumvi gramu 0.15 hivi, kwa hiyo vishimo saba ni kama gramu moja. Sasa una chombo kinachojua kinatoa kiasi gani, na roli yenyewe inakuwa kifuniko dhidi ya mvuke inapokuwa imetulia. Igeuze kwa kigurudumu cha mkono. Mkebe uwe wa plastiki ya chakula, ile yenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake. Na usijaze. Tia chumvi ya mlo mmoja, ikibaki irudishe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana. Ikiwa imeshaganda, iponde. Usiikaange motoni wala kuianika juani, maana joto na jua hupunguza yale madini joto.

Ukitumia kigurudumu cha mkono, betri inaondoka, nami nitashukuru. Zile betri bapa za duara hazikuundwa kutoa mkondo wa kuendesha mota, ndiyo maana zinakwisha upesi. Shida yake kubwa si kwisha. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake na mate hutengeneza kemikali inayounguza koo, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Hata iliyokwisha nguvu bado ina ya kutosha kuunguza. Ukihisi tu kwamba mtoto amemeza, usimtapishe, usingoje uone kama itatoka. Kimbia naye hospitali, Bugando au Sekou Toure, saa hiyohiyo, hata kama anacheka na kucheza. Ukisisitiza kubaki na mota, tumia betri za kawaida za rimoti, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa skrubu.

Kuhusu mama, nia yako ni njema na hesabu yako ina kasoro moja. Unahesabu chumvi inayodondoka mezani. Kwenye nyumba zetu nyingi chumvi inaingia sufuriani, kabla MV Ladha haijang'oa nanga. Ugali hauna chumvi, lakini mboga inayo, kiungo cha mchemraba kinayo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi ndiye usiseme, na mkate wa asubuhi pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku kutoka vyanzo vyote, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kimtumbwi kikinyunyiza kidogo kidogo juu ya mchuzi uliokwishakolea, hicho kidogo ni nyongeza.

Kinaweza kusaidia kwa masharti. Mwenye zamu ya jikoni apike bila chumvi au na kidogo sana, kisha chumvi ya nyumba nzima ikae kwenye kimtumbwi. Ukipakia kijiko kimoja cha chai kwa watu sita wa mlo huo, ni takriban gramu moja kila mtu, na kikiisha kimeisha. Chumvi iliyo juu ya sato wa kukaanga au wa kuchoma inaufikia ulimi kabla ya kila kitu, kwa hiyo kidogo kinahisika. Kwenye mchuzi faida hiyo haipo, kwani inayeyuka na kupotea humo. Wazo la kuubana mkono kwa kutumia kifaa si la kipuuzi. Halmashauri ya Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iliona vinyunyizio vya chumvi kwenye maduka ya samaki na chipsi vina matundu 17, ikawagawia wenye maduka vya matundu 5. Lakini mtu akiamua kutikisa mara tatu zaidi, matundu hayamzuii. Kuhesabu kilichopakiwa ndiko kunakozuia.

Mambo mawili kabla sijaacha habari ya mama. Usimnunulie "chumvi mbadala" ya potasiamu kabla ya kumuuliza daktari wake, maana kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha inaweza kuuvuruga moyo. Na dawa asiache hata chakula kikipungua chumvi namna gani. Akiumwa kichwa ghafla kwa ukali, macho yakaingia ukungu, mdomo ukapinda au mkono mmoja ukalegea, hayo si ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kijiko cha Wajapani kipo kweli. Homei Miyashita wa Chuo Kikuu cha Meiji na Hiromi Nakamura walipata tuzo ya Ig Nobel ya lishe mwaka 2023, tuzo zile za utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha, kwa kazi yao ya vijiti vya kulia na mirija yenye umeme. Kampuni ya Kirin ikashirikiana na Miyashita, na Mei 2024 ikaanza kuuza kijiko kwa yeni 19,800. Ulichosikia hakiko sawa mahali pamoja: hakileti ladha ya chumvi pasipo na chumvi. Umeme dhaifu uliopangwa kwa ustadi huzikusanya ioni za sodiamu (chembe za chumvi zenye umeme) zilizomo tayari kwenye supu ziufikie ulimi, hivyo supu ya chumvi kidogo huhisika imekolea, kama mara 1.5 kwa vipimo vyao. Supu isiyo na chumvi itabaki hivyohivyo.

Wewe usijaribu. Najua fundi akisikia "umeme dhaifu" mikono inamwasha. Ukiunga betri kwenye kijiko cha kawaida ukakitia kwenye mchuzi wa chumvi, unaivunja chumvi kwa umeme hapo mezani: upande mmoja chuma cha kijiko kinayeyuka kuingia kwenye chakula na klorini inaweza kutokea, upande wa pili inatengenezwa magadi makali. Wenzetu wamedhibiti kiasi cha mkondo na umbo lake, na hata hivyo kijiko chao hakiwafai wenye kifaa cha umeme cha moyo. Chaja ya simu iliyoungwa kwenye umeme wa ukutani isikaribie kabisa kinywa cha mtu.

Kuhusu kuchekwa: umeingia kwenye ukoo wa heshima. Ulaya ya zamani matajiri walikuwa na jahazi za fedha za kuwekea chumvi na viungo mezani, nyingine zikiwa na magurudumu ili zisukumwe kutoka kwa mgeni hadi mgeni. Makumbusho ya British Museum, London, ina jahazi la mitambo la mnamo 1585, linalohusishwa na fundi Hans Schlottheim wa Augsburg, lililotembea mezani lenyewe, likapiga muziki na kufyatua mizinga. Na huko Gwalior, India, kasri la Jai Vilas lina treni ya fedha iliyokuwa ikiwazungushia wageni vinywaji na sigara juu ya reli za mezani.

Lakini ukoo huo ndio unaokubana kisheria. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, inataka kitu kipya, na chombo chenye umbo la jahazi kinachobeba chumvi mezani si kipya. Kinachoweza kuwa chako ni utaratibu wa kutoa chumvi kwa kipimo bila kuruhusu mvuke kuingia, ukiufikisha mahali pake. Kwa hiyo kiunde upya kwanza, kitumie masika nzima, kichore vizuri, ndipo uende BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza. Na kabla ya hapo usirushe video yake mtandaoni, maana ukishauonyesha umma mwenyewe unaweza kuupoteza upya wake. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mwanza ni mahali pa kuulizia kalibu za plastiki, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huwapokea wabunifu wa ngazi yako bila kuwauliza vyeti vya chuo. Ukitaka kuuza, swali la TBS, shirika la viwango, litakuwa juu ya kila sehemu inayogusa chakula, imetengenezwa kwa kitu gani. Andika orodha hiyo kuanzia sasa, na usiwe na hata tone la risasi ndani yake.